Mchujo wa Waigizaji na Haki ya Aliyeachwa

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Methali hii tumeikariri tangu utotoni, na kwa kawaida huitumia kumpongeza mtu aliyefanya jambo jema miongoni mwa jamaa zake. Lakini ndani yake mna swali ambalo ni nadra kuulizwa: kabla ya kutunzwa, ni nani anayeruhusiwa kuingia uwanjani acheze? Uwanja ukiwa mpana kila mtu ataingia. Uwanja ukiwa mwembamba na wachezaji wakiwa wengi, hapana budi mmoja aingie na mwingine abaki nje. Hapo ndipo linapozuka suala la kuchagua, na penye kuchagua pana haki na pana dhuluma.

Katika insha hii tunakusudia kulichunguza suala hilo kwa kutazama jambo ambalo kwa juu juu ni dogo, nalo ni mchujo wa waigizaji katika vikundi vya watu wa kawaida, wasiolipwa. Mfano wetu utakuwa mchezo wa kuchekesha, wenye nyimbo nyingi, uliotokana na visasili vya Wagiriki wa kale. Msomaji asistaajabu kwamba tumekwenda mbali hivyo. Tumefanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, mchujo huo tuliuona kwa macho yetu. Pili, Wagiriki hao walijiuliza swali hili hili zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, tena wakalifanyia mzaha jukwaani.

Yapata miaka ishirini iliyopita tulipelekwa Uingereza kwa mafunzo mafupi ya utawala. Tulipangiwa kukaa katika mji mdogo, nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa karani wa reli kabla ya kustaafu. Mzee huyo alikuwa mwanachama wa kikundi cha kuimba na kuigiza. Vikundi vya namna hiyo ni vingi nchini humo. Wanachama wake wana kazi zao za mchana: huyu mwalimu, huyu mwenye duka, huyu mwashi. Jioni hukutana katika ukumbi, hutoa ada, hufanya mazoezi kwa miezi kadhaa, kisha huwaonyesha majirani zao mchezo kwa siku chache. Hakuna alipwaye mshahara.

Mwaka huo walikuwa wakitayarisha mchezo wa Orphée aux Enfers, yaani Orpheus Kuzimuni. Muziki wake ulitungwa na Jacques Offenbach, na maneno yake yaliandikwa na Hector Crémieux na Ludovic Halévy. Ulionyeshwa mara ya kwanza mjini Paris tarehe 21 Oktoba 1858. Kisasili chenyewe ni cha huzuni. Orpheus, mwimbaji hodari kupita wote, alifiwa na mkewe Eurydice aliyeumwa na nyoka. Akamfuata kuzimu, akaimba hata watawala wa huko wakalainika, wakamruhusu amrudishe duniani kwa sharti moja: asigeuke nyuma kumtazama kabla hawajafika. Akageuka, akampoteza mara ya pili.

Offenbach na wenzake walikipindua kisasili hicho juu chini. Katika mchezo wao mume na mke wamechokana. Orpheus ni mwalimu wa fidla, na mkewe haivumilii fidla hiyo. Mke anapokufa mume anafurahi. Lakini hapo anatokea mhusika mmoja aitwaye Maoni ya Watu. Huyu anamlazimisha Orpheus aende kumdai mkewe, si kwa kuwa anampenda, bali kwa kuwa watu watasema. Mwishoni Jupiter, mkuu wa miungu, anatupa radi nyuma ya Orpheus, Orpheus anashtuka na kugeuka, na kila mtu anapata alichokitaka isipokuwa Maoni ya Watu. Watazamaji hucheka sana. Twamwomba msomaji amweke akilini mhusika huyo, kwa maana tutamrudia.

Jioni ya mchujo mwenyeji wetu alikuwa na kazi ya kuita namba mlangoni, nasi tukaruhusiwa kuketi nyuma ya ukumbi. Mezani walikaa watu watatu: mwongozaji wa mchezo, kiongozi wa muziki na mwalimu wa dansi. Waliokuja kujaribiwa walingoja chumba cha pili, kila mmoja akiwa na namba kifuani. Mtu aliitwa, akaimba wimbo mmoja aliojitayarishia, akasoma ukurasa mmoja wa mazungumzo, akashukuriwa, akatoka. Mlango ulifungwa, watu watatu wakanong'onezana, wakaandika. Kisha ikaitwa namba nyingine.

Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mkutubi. Tuliambiwa kwamba alikuwa amekishonea kikundi kile mavazi kwa miaka kumi na saba, na miaka yote hiyo aliimba katika kundi la waitikiaji, wale wanaosimama pamoja na kuimba kwa sauti moja bila kuwa na jina katika mchezo. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, aliomba nafasi yenye jina. Aliomba kuwa Maoni ya Watu. Maneno yote aliyasema kwa moyo, bila kutazama karatasi. Lakini sauti yake ilikuwa imechoka, na ilipopanda ilikatika. Baada yake aliingia muuguzi kijana, mgeni wa miezi miwili katika mji ule. Maneno hakuyajua, na karatasi ilimtetemeka mkononi. Lakini alipofungua kinywa kuimba, mwenyeji wetu aliiweka chini bilauri yake ya chai asiiguse tena.

Alhamisi karatasi ya majina ilibandikwa mlangoni. Nafasi ilikuwa ya muuguzi. Yule mama aliisoma karatasi akiwa amezungukwa na watu, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akaenda zake. Jina lake lilikuwamo, kule chini, miongoni mwa waitikiaji. Mwenyeji wetu akasema, "Atarudi Jumatatu. Yeye hurudi siku zote." Jumatatu hakurudi, wala Jumatatu iliyofuata. Hata tulipoondoka mjini humo hakuwa amerudi.

Usiku ule wa Alhamisi, mezani, mzee na mkewe walibishana. Mzee alisema haki imetendeka: watazamaji wanakata tiketi, nao wana haki ya kusikia sauti nzuri, tena mchujo usiompa nafasi aliye bora ni mchezo wa kitoto. Mkewe alisema haki haikutendeka: kikundi si mali ya watazamaji, ni mali ya wanachama waliokilea, na mtu aliyetumikia miaka kumi na saba hawezi kupitwa na mtu wa miezi miwili. Sisi tulikuwa wageni, tukanyamaza. Lakini tangu usiku ule maneno yao hayakututoka, maana tulihisi kwamba kila mmoja amesema kweli na bado jambo halijaisha.

Tuanze na hoja ya mke. Uzuri wa hoja hii ni kwamba inakumbuka maana ya kikundi cha jumuiya. Kikundi kama hicho hakikuanzishwa ili kushindana na majumba makubwa ya maonyesho. Kilianzishwa ili majirani wapate kuimba pamoja. Lakini je, nafasi jukwaani ni ujira wa utumishi? Hapo tunaweza kujibiwa na mchezo mwingine wa kuchekesha uliotokana na miungu ya Kigiriki, nao ni Thespis, kazi ya kwanza ya W. S. Gilbert na Arthur Sullivan kwa pamoja, iliyoanza kuonyeshwa London katika jumba la Gaiety tarehe 26 Desemba 1871. Sehemu kubwa ya muziki wake imepotea, lakini maneno yake yamesalia. Katika mchezo huo miungu imezeeka na kuchoka. Kundi la waigizaji linapanda mlima Olympus, na miungu inawaachia kazi zake kwa mwaka mmoja. Waigizaji wanagawana nafasi, na dunia inaharibika. Yule aliyeshika kazi ya mungu wa mvinyo alikuwa amekula kiapo cha kutokunywa pombe, basi mizabibu ikaacha kutoa mvinyo ikatoa kinywaji cha tangawizi. Miungu iliporudi na kusikia malalamiko ya wanadamu, iliwafukuza wote.

Huo ni mzaha, lakini funzo lake si mzaha. Nafasi nayo ina haki yake. Aliyepewa kazi ya kuimba, naye hawezi kuimba, hakupewa heshima. Amepewa mzigo, na mzigo huo wataubeba wenzake pamoja na wale waliokuja kusikiliza. Kumpa mtu nafasi kwa sababu tunamwonea haya ni kumdanganya yeye kwanza na watu baadaye. Tena tukumbuke kwamba desturi ya kuwapa nafasi wakongwe kwa ukongwe wao huweza kugeuka upesi kuwa desturi ya kuwapa nafasi jamaa na marafiki. Yule muuguzi mgeni, asiye na ndugu mjini, angelindwa na nini kama si sauti yake?

Tugeukie hoja ya mzee. Anasema, apewe aliye bora. Sawa, lakini bora kwa mizani ipi? Mwaka 405 kabla ya Kristo, mjini Athens, Aristophanes alionyesha mchezo wake uitwao Vyura, akapata tuzo ya kwanza. Humo Dionysus, mungu wa maonyesho mwenyewe, anashuka kuzimu kumtafuta mtunzi wa kurudi naye duniani, kwa sababu watunzi wazuri wamekufa wote. Huko anawakuta Aeschylus na Euripides wakigombea kiti cha ubingwa wa utunzi. Dionysus anafanywa mwamuzi. Unafanyika mchujo ambao hatuujui wa kuchekesha kuuzidi: kila mtunzi anayachambua maneno ya mwenzake, anaziiga nyimbo zake kwa kejeli, na mwishowe mizani halisi inaletwa, na mistari ya mashairi inapimwa uzito kama vile nyama gengeni. Aeschylus anashinda kwenye mizani. Na hata hapo mwamuzi hawezi kuamua. Anawauliza shauri lao juu ya mambo ya nchi, bado anababaika. Mwishowe anasema atamchukua yule ambaye nafsi yake inamtaka, akamchukua Aeschylus.

Aristophanes ametuonyesha ukweli mkubwa. Ikiwa mungu wa maonyesho, mwenye mizani mkononi, anamaliza kwa kusema "nafsi yangu imependa", basi sisi wanadamu tunaokaa mezani na kalamu tunapaswa kuwa wanyenyekevu. Kila mchujo una sehemu inayopimika, kama vile sauti kufika juu au kukatika. Na una sehemu ambayo ni moyo wa mwamuzi tu. Wananchi wa Athens walilijua hilo. Kwa maelezo ya wanahistoria, waamuzi wa mashindano yao walikuwa kumi, mmoja kutoka kila kabila la mji, nao walipatikana kwa kura ya bahati kutoka katika mitungi iliyofungwa. Tena baada ya wote kumi kuandika hukumu zao, ni tano tu zilizochomolewa kwa bahati na kuhesabiwa. Watu wale walipenda sana ubingwa, lakini hawakuamini kwamba jicho la mwamuzi halikosei.

Wala hukumu ya leo si hukumu ya milele. Mwaka 1974 mchezo huo wa Vyura ulitengenezwa upya na Burt Shevelove, ukatiwa nyimbo na Stephen Sondheim, ukaonyeshwa ndani ya bwawa la kuogelea la Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Miongoni mwa wanafunzi waliosimama katika kundi la waitikiaji walikuwamo Meryl Streep na Sigourney Weaver, ambao baadaye walijulikana dunia nzima kwa uigizaji wao. Siku ile walikuwa sauti mbili kati ya sauti nyingi.

Basi, ikiwa hoja ya mke ina kasoro na hoja ya mzee ina kasoro, tuseme nini juu ya yule mama? Sisi tunaona kwamba hakudhulumiwa kwa kukosa nafasi. Sauti ya muuguzi ilikuwa bora kwa nafasi ile, na hilo hata yeye angelikiri. Alidhulumiwa kwa jinsi alivyoikosa. Aliambiwa na karatasi. Hakuna kati ya wale watatu aliyemwita akamwambia sababu, wala aliyemweleza kwamba kazi yake ya miaka kumi na saba inajulikana. Walipima sauti yake, wakaiona imechoka. Lakini yeye, aliposoma karatasi ile mbele za watu, alisoma kwamba yeye mwenyewe amepimwa, utu wake na miaka yake, akaonekana hatoshi. Hapo ndipo ilipo tofauti tunayotaka walimu na wanafunzi wetu waishike: mchujo una haki ya kupima sauti, lakini hauna haki ya kupima utu. Na kwa kuwa anayepimwa hawezi kwa urahisi kuvitenganisha viwili hivyo, ni wajibu wa anayepima kumsaidia kuvitenganisha.

Tunasema hivi si kwa kuwalaumu watu wa mbali. Miaka michache baada ya safari ile tulikuwa kazini katika wilaya moja ya nchi yetu, tukaombwa kukaa mezani kuchagua wanafunzi wa sekondari watakaoimba na kuigiza katika sherehe. Tuliona fahari kutumia utaratibu tuliojifunza ugenini. Tukawapa vijana namba. Namba kumi na nne alikuwa mvulana aliye katika umri wa kubadilika sauti. Alianza vizuri, kisha sauti ikamruka kama jogoo mchanga. Ukumbi ulijaa wanafunzi. Tukasema, "Wewe kijana, nenda kajaribu mpira." Ukumbi ukacheka. Na sisi tukacheka.

Siku si nyingi zilizopita tulipeleka redio yetu kwa fundi. Fundi akatusabahi, "Shikamoo, mzee." Tukaitika, "Marahaba." Akatutazama kidogo akasema, "Mzee, mimi ni namba kumi na nne." Ilituchukua muda kuelewa. Hakuwa na hasira. Alieleza tu, huku akifungua skrubu, kwamba tangu siku ile hajapata kuimba mbele ya mtu, hata katika harusi ya dada yake alipoombwa na mama yao. Redio aliitengeneza vizuri akatutoza bei ya haki. Tulitafuta neno la kumwambia, na sisi ambao tumekula mshahara wa maneno miaka yote hii hatukulipata.

Tukajiuliza njiani: tulimkosea nini? Kumwacha hatukukosea; sauti yake kwa mwezi ule haikufaa. Kosa letu lilikuwa kwamba tuliyachukua mambo ya mwezi mmoja tukayafanya kuwa hukumu ya maisha, na tukaifanya hukumu hiyo kuwa kichekesho ili ukumbi utupende. Siku ile sisi wenyewe tuligeuka kuwa yule mhusika wa Offenbach, Maoni ya Watu. Hatukumtazama mtoto, tulitazama watu watasemaje, watachekaje.

Pengine msomaji atasema: basi dawa ni kufanya mchujo kwa siri, mtoto asiaibike. Lakini yule mama wa Uingereza alichujwa nyuma ya mlango uliofungwa, na siri hiyo haikumfaa, kwa maana hakujua kilichosemwa juu yake. Hapa tunaweza kujifunza kutoka kwa jirani zetu. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, nchini Kenya, wanakijiji walitayarisha mchezo wao wenye nyimbo nyingi, Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mchezo ule ulihusu maisha yao wenyewe, si visasili vya Ugiriki. Nao ulipigwa marufuku tarehe 16 Novemba mwaka huo huo. Lakini linalotuhusu hapa ni namna waigizaji walivyopatikana. Ngũgĩ ameeleza kwamba majaribio na mazoezi yalifanyika peupe, na yeyote aliyepita aliweza kusimama akatazama. Watu walisikia sauti zote. Aliyechaguliwa alijulikana kwa nini amechaguliwa.

Tukiyaweka pamoja mambo haya mawili, la Kamĩrĩĩthũ na la namba kumi na nne, tunapata kanuni moja: kipimo kiwe cha wazi, na jawabu la aliyeachwa liwe la faragha. Watu wote wajue kinachotafutwa: sauti ya namna gani, mwendo wa namna gani, kwa nafasi ipi. Lakini neno la "hapana" lisemwe na mtu kwa mtu, kwa sauti ya chini, pamoja na sababu yake. Sababu hiyo iwe ya kweli. Kumwambia mtu kwamba ameimba vizuri ilhali hakuimba vizuri ni dharau ya aina nyingine, kwa maana ni kumhesabu kuwa mtoto asiyeweza kubeba ukweli.

Tena iwepo nafasi ya kweli ya kurudia. Wako wanaodhani kwamba kundi la waitikiaji ni jaa la kutupia walioshindwa. Kwa Wagiriki wenyewe haikuwa hivyo. Katika sherehe kuu ya Dionysus mjini Athens, kila moja kati ya makabila kumi ilitoa kundi la wanaume 50 na kundi la wavulana 50 kwa mashindano ya kuimba na kucheza. Yaani watu 1,000, raia wa kawaida, mbali na wale wa michezo ya kuigiza. Katika futuhi waitikiaji walikuwa 24. Na tazama majina ya michezo ya Aristophanes: Vyura, Nyigu, Ndege, Mawingu. Hayo yote ni majina ya waitikiaji. Mchezo haukuitwa kwa jina la mhusika mkuu. Uliitwa kwa jina la wale waliosimama pamoja. Hatusemi kwamba Athens ilikuwa mji wa haki kamili. Wanawake na watumwa hawakuruhusiwa kusimama katika makundi hayo, na dhuluma hiyo isifichwe. Lakini ndani ya mipaka yao walijua kwamba sauti ya pamoja si makombo ya mezani.

Zaidi ya hayo, katika Vyura ni waitikiaji wanaopewa maneno mazito kuliko yote. Katikati ya vicheko wanawageukia wananchi na kuwashauri wawarudishie haki zao raia waliovuliwa haki hizo kwa makosa ya siasa. Imesimuliwa tangu zamani kwamba kwa ajili ya maneno hayo mchezo ule ulipewa heshima ya kuonyeshwa mara ya pili. Yaani wale wasio na majina ndio waliowasemea walioachwa nje. Sisi hatuoni nafasi kubwa kuliko hiyo.

Aliyeachwa naye ana wajibu wake. Katika mchezo ule ule yumo Sophocles, yule ambaye mchezo wake wa Mfalme Edipode tumebahatika kuusoma kwa Kiswahili kwa tafsiri ya Samuel Mushi. Sophocles naye alikuwa na haki ya kugombea kiti cha ubingwa. Lakini alipofika kuzimu alimbusu Aeschylus, akamshika mkono, akamwachia kiti, akakaa pembeni tayari kusaidia ikihitajika. Aeschylus alipoondoka kurudi duniani, aliagiza kiti chake akabidhiwe nani? Sophocles. Hapa tunafundishwa kwamba kuna kuachwa kusikompunguza mtu. Lakini tusiwahimize walioachwa wawe kama Sophocles ikiwa sisi tunaochagua hatujawatendea kama watu wa kima chake. Adabu ya aliyeachwa huzaliwa na adabu ya aliyechagua.

Ndugu walimu, kila mwaka mnakaa mezani namna hiyo. Mnachagua watakaoimba, watakaocheza ngoma, watakaosoma shairi mbele ya mgeni rasmi. Mtachagua, na hapana budi mchague, kwa maana uwanja ni mwembamba. Lakini mkitaka kujua kama mmetenda haki, msiwatazame waliochaguliwa siku ya sherehe. Hao wataonekana wanafurahi. Mtazameni aliyeachwa, siku ya pili yake, asubuhi. Je, amekuja? Je, anapopita mbele yenu anaimba? Na ninyi wanafunzi, mkiachwa, ulizeni sababu kwa heshima, kisha rudini uwanjani; na mkichaguliwa, mkumbuke ni nani aliyewashonea mavazi.

Kwa kuwa tumezoea kufunga maneno yetu kwa ubeti, tunauweka huu hapa, nasi tunamkusudia fundi yule wa redio:

Mwimbaji ukimpima, sauti yake pimia,
Utu ukitaka pima, mizani hutapatia,
Akikosa nena vema, na sababu kumwambia,
Nafasi ipo daima, kiti akikirudia.